Mkoba wa Mai Shuvai Umepanda Ndege

Vengere, Rusape
23 Agosti 2013

Mwanangu Togarepi, Shumba, simba wa ukoo wetu,

Nimeamka salama, ikiwa nanyi mmeamka salama. Mkeo Shuvai hajambo? Maziwa yanatoka ya kutosha? Na mjukuu wangu Mufaro kaanza kucheka, au bado anawakazia watu macho kama marehemu babu yake? Hapa sote wazima. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche na mguu wangu wa kushoto unauma jioni. Mengine ya kawaida.

Nakuandikia kwa sababu simu ni ya kutangazia misiba. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na mmoja na najua jambo lisiloandikwa halisahihishwi. Barua hii nampa yule dereva wa gari la mizigo, nawe mpe yeye majibu.

Jana Alhamisi tulikuwa kwenye maombi ya akina mama. Mkweo, Mai Shuvai, ndiyo kwanza karudi kutoka kwenu kumlea binti yake mzazi. Tulipokaa kunywa chai akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akakitandika mapajani. Mai Rwendo, unamjua hana breki, akauliza, "Hicho nacho umekitoa wapi, mwenzetu?"

"Cha kwenye ndege," anasema. "Kule mbele, daraja la biashara. Wa nyuma wanapewa karatasi."

Sikuuliza kama alipewa au alijipa. Basi tukahubiriwa. Kwamba mliingia ndegeni kabla ya watu wote. Kwamba hata mlango haujafungwa mkaletewa maji ya machungwa kwenye glasi ya kioo. Kwamba msichana alileta kitu cheupe kimeviringishwa, kinafuka moshi, amekishika kwa koleo, na mkweo akadhani ni chakula, akawa anangoja chumvi, kumbe ni kitambaa cha kupangusia mikono. Kwamba walivuta pazia ili wa nyuma wasiwaone mkila kwa kisu cha chuma. Na kwamba kiti cha katikati, kati yake na wewe, kilikuwa kitupu, akakalisha mkoba wake hapo.

Nilishusha kikombe.

Mwanangu, Pasaka nilikuja kwenu Johannesburg kwa basi. Saa ishirini na mbili. Ndoo ya siagi ya karanga mapajani, kuku wa mtu miguuni, na mpakani tukapanga foleni mpaka wengine wakalala wamesimama. Nilipofika ulinikanda miguu kwa maji ya chumvi, ukasema pole Mama, sikulalamika. Mtoto alipozaliwa kabla ya siku zake, ulishuka Harare asubuhi ukaondoka mchana na mkweo aliyekufuata huko, Rusape hukufika, sikulalamika pia. Uzazi wa kwanza ni wa mama wa binti, mila naijua. Lakini kiti kilikuwa kitupu, Togarepi! Mkoba wa Mai Shuvai umepanda ndege, mimi niliyekuzaa sijapanda.

Naona wivu. Nimeliandika neno lenyewe, maana nimezeeka mno kulitafutia jina lingine.

Mama yako


Tembisa
8 Septemba 2013

Mama yangu mpendwa,

Tumeamka salama, ikiwa nawe umeamka salama. Mguu vipi? Shuvai anakusalimu sana, na maziwa ni tele. Mufaro anacheka, lakini anaichekea taa tu. Mimi akinitazama hukunja uso, naona ni Babu kabisa.

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili, na Shuvai nikamsomea. Tulicheka pale kwenye chumvi, kisha hatukucheka tena.

Kile kiti hakikuwa cha mtu. Kwenye ndege hizi za safari fupi, viti vya mbele ni vilevile vya nyuma, vitatu vitatu, tofauti yake cha katikati hakiuzwi. Huachwa wazi makusudi. Hata ungekuwapo uwanjani na pasipoti mkononi, wasingekukalisha hapo. Ndiyo hiyo biashara yenyewe, pamoja na pazia. Chakula nacho ni kuku, Mama, wala hafiki kuku wako.

Na siku ile mambo yalikuwa mbio. Mtoto yuko kwenye kisanduku cha joto, Shuvai analia anamtaka mama yake, na mama yake hajawahi hata kuuona uwanja wa ndege, nikasema nitamfuata mwenyewe. Nyuma zilibaki nafasi mbili tu, nazo zimeshikana, safari ya saa moja na nusu na zaidi. Ningefanyaje? Mkwe ni mkwe, Mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha.

Tuyaache hayo. Ubatizo ni Jumapili, tarehe 15 Desemba. Wewe ndiye utakayembeba Mufaro mpaka mbele ya mchungaji, tumekubaliana mimi na Shuvai. Usiwe na wasiwasi wa safari, nimeulizia basi zuri sana, lile lenye choo ndani.

Nimempa dereva blanketi lako. Ni la sufu.

Mwanao,
Togarepi


Vengere
27 Septemba 2013

Togarepi,

Sikuamka vizuri, hata kama wewe umeamka.

Barua yako nimeisahihisha kwa wino mwekundu, imo humu. Umepata tatu kwa kumi. Blanketi nimelipokea, nimemfunika nalo mbuzi aliyezaa.

Mkwe ni mkwe, unaniandikia. Sawa. Na mama ni nani? Mama ni wa basi lenye choo ndani. Nilikubeba mgongoni kutoka Nyazura mpaka hospitali, una surua, mvua inanyesha, sikuwa na pazia wala choo ndani. Sikudai chochote. Leo unaniambia umelipia kiti kisichokaliwa na mtu! Umenunua nafasi tupu ukaiweka karibu na Mai Shuvai, nayo ikahudumiwa, ikafika Johannesburg haijavimba miguu. Kumbe kukosa mtu pale ni jambo la thamani kuliko kuwa na mimi.

Jana kakitandika tena kile kitambaa. Sasa anakitandika hata kwa kiazi kitamu. Mai Rwendo akaniuliza mbele ya watu, "Mai Togarepi, na wewe mwanao atakupandisha lini?" Nikasema mimi naogopa ndege. Nimesema uongo kanisani kwa sababu yako.

Ubatizo sitakuja. Mpeni Mai Shuvai ambebe mtoto. Akichoka, mkoba upo.

Mama yako, kama bado unahesabu hivyo


Tembisa
3 Novemba 2013

Mama,

Tumeamka, lakini nusu nusu.

Nimepiga simu mara tisa imezimwa. Dereva anasema mkono wako ulipokea sukari na mdomo haukutuma neno. Sina ufundi wa maneno kama wako, na nikijitetea utaongeza wino mwekundu, basi sijitetei.

Humu kuna tiketi. Tarehe 12 Desemba, Harare mchana. Daraja la biashara, kiti 2A, dirishani. Utaingia kabla ya watu wote. Wakikuletea kitu kinachofuka moshi, usingoje chumvi. Kiti cha katikati kitakuwa kitupu, weka mkoba wako, weka hata ndoo. Siwezi kuja kukuchukua, kazini wamenipa ruhusa ya siku moja tu, ya ubatizo, lakini nitakuwa nimesimama pale mnapotokea abiria.

Mufaro ana bibi wawili, na mpaka leo anamjua mmoja. Tafadhali, Mama.

Mwanao,
Togarepi


Vengere
22 Novemba 2013

Mwanangu Togarepi, Shumba,

Nimeamka salama, ikiwa nanyi mmeamka salama, na safari hii nauliza kwa moyo mmoja. Mbuzi hajambo. Blanketi nimelifua, nalala nalo mwenyewe.

Sitakuficha. Tiketi yako niliipeleka kwenye maombi jana. Niliitia ndani ya Biblia, nusu ndani nusu nje, isije ikaonekana naionyesha. Tulipofika somo la pili ikaanguka yenyewe. Ilibidi niitikise Biblia kidogo.

Aliyeiokota ni Mai Shuvai. Akaisoma polepole. "2A," akasema. "Ndipo nilipokaa mimi." Kisha akauliza, "Unakwenda na Togarepi?"

"Peke yangu," nikasema, na sauti niliipandisha ili imfikie Mai Rwendo. Nilingoja mkweo anune. Hakununa. Tulipokaa kunywa chai alikikunja kile kitambaa chake, akakirudisha mkobani na chai yake haijaisha. Nikajiambia, haya, dawa imemwingia. Mungu anisamehe, nilikunywa vikombe vitatu.

Tukirudi nyumbani akanifuata. Mguu wangu ulikuwa mzito, akaupunguzia mwendo wake, tukatembea mpaka kwenye kinu cha mahindi. Hapo akasema, "Mkwe mwenzangu, lipo nisilolisema kwenye chai."

"Sema."

"Ile ndege iliingia kwenye wingu ikatikisika. Si kidogo. Glasi iliruka, watu wa nyuma ya pazia wakapiga kelele. Nikajua nimekufa na mjukuu sijamwona. Nikageuka nimshike mtu. Mwanao yuko kule ukingoni, kando ya njia, mikono juu ya magoti, anatazama viatu vyake, kama mlivyomlea. Anatoka jasho. Hawezi kunigusa, nami siwezi kumwomba, mimi mkwewe. Kati yetu kiti kitupu. Basi nikashika mkoba. Mai Togarepi, niliushika ule mkoba mpaka Johannesburg."

Akaendelea, "Na kitambaa wala sikukiiba, kama mnavyofikiri wewe na Mai Rwendo. Nilikililia chote. Niliona aibu kukiacha pale msichana wa watu akishike. Kukitandika kwenye chai ni ujinga wangu tu, nilitaka safari ile niikumbuke kwa uzuri." Akanitazama. "Nilikuonea wivu siku ile, na hujui. Nilisema, angekuwa mama yake hapa, angempa mkono."

Mwanangu, nilifika nyumbani nikaitoa nakala ya barua yako ya Septemba. Nilikuwa nimeinakili kabla ya kuirudisha, ili nizidi kuikasirikia. Yote ulikuwa umeyaandika. Nafasi mbili zimeshikana. Mkwe ni mkwe. Hukununua daraja la biashara kwa ajili ya glasi. Ulinunua ile nafasi ya katikati, bega lako lisigusane na la mama wa mkeo. Na nani aliyekufundisha usikae kigoda kimoja na mkwe, umsalimie kwa makofi ukiwa mbali, macho chini? Ni mimi, jikoni kwangu, wiki nzima kabla ya kupeleka mahari. Nilikuchapa na mwiko ulipocheka. Mwalimu mzima nikausoma wivu wangu, barua sikuisoma. Ile tatu nimeifuta. Nimekupa nane. Mbili nimezishikilia kwa sababu ya basi lenye choo ndani.

Sasa sikiliza. Tiketi imo humu, nairudisha. Usinune. Nikae 2A na kiti kitupu ubavuni kwa nini, kana kwamba na mimi ni mkwe wako? Nasikia tiketi ya mbele hubadilishwa kwa za nyuma, ukiwaomba vizuri. Waombe. Kazini waambie mama yako amezeeka anataka kuchukuliwa, wakikataa nipe jina la bosi nimwandikie.

Chukua viti vitatu huko nyuma, vilivyoshikana, hata kama magoti yatagonga. Vitatu, umesoma sawasawa. Mai Shuvai anakuja ubatizoni nami, nimeshamwambia, na akalia tena, safari hii kwenye kanga yangu. Yeye atakaa dirishani, maana dirisha amelizoea. Wewe kaa ukingoni kwa heshima zako zote.

Kiti cha katikati ni changu. Ikitikisika, mkono mmoja nitampa yeye, mwingine nitakupa wewe. Isipotikisika nitakupa vilevile.

Mkoba utakaa chini.

Mama yako