Safu ya Saba: Matumizi ya Jengo

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya tatu ya kufuata njia ya umeme. Kazi ni kuandika kila jengo lililo ndani ya mita thelathini kutoka pale nyaya zitakapopita, tangu mtambo wa umeme wa maji kule juu hadi kituo cha kupoza umeme mjini. Leo majengo kumi na manne. Mvua tangu asubuhi. Fundi wa kupima ameshika kamba, mimi fomu na mwavuli — na mwavuli ni wa fomu, si wangu!

Sheria ndogo ya halmashauri iko wazi. Nyumba ya kuishi watu: nyaya zihamishwe. Banda au stoo: livunjwe, nyaya zipite. Na chumba kisicho na dirisha hakihesabiwi kuwa nyumba, mpaka ithibitishwe kuwa mtu analala humo.

Jengo la kumi na moja ni la mama yangu mdogo. Madirisha: hakuna. Safu ya saba, matumizi ya jengo: banda.

Jumanne, 7 Mei

Nimeamka na neno hilo kichwani. Dirisha kweli hakuna. Ilikuwa stoo ya mahindi. Lakini mama mdogo analala humo mwaka wa pili sasa, tangu alipomwachia mwanawe na mkewe nyumba ya juu. Yeye na mkwe wake hawaivi. Najua yote hayo. Nimekunywa chai humo mara ngapi!

Fundi wa kupima aliniuliza, tugonge? Nikamwambia mvua inazidi, twende.

Tatizo ni maneno ya mkuu wa mipango siku ya kwanza: atakayepindisha nyaya kwa ajili ya jamaa yake, geti analijua. Niliogopa kuambiwa nimembeba mama mdogo. Basi nikapita mlangoni kwake kama simjui.

Fomu bado iko mezani kwangu. Naweza kuibadilisha.

Jumatano, 8 Mei

Mkuu amezichukua fomu zote saa mbili asubuhi. Nilichelewa kwa robo saa.

Ijumaa, 17 Mei

Ramani imebandikwa ukumbini. Mstari mwekundu, umenyooka kama rula. Mkuu anausifia kama ni mtoto wake. Pingamizi mwisho siku kumi na nne.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda kwa mama mdogo. Kumbe jirani ameshamsomea tangazo.

— Umeme upite juu ya kichwa changu, na mimi nakaa na kibatari! Si wangenidondoshea hata kidogo?

Tukacheka. Kisha akauliza nani huyo aliyeandika banda. Hakuona kitanda? Au alikuja na macho ya kuazima?

Nikasema sijui.

Sijui! Kwa huyu aliyenilea miaka mitatu, mama alipokuwa amelazwa.

Akaniomba nimwandikie barua ya pingamizi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nimeiandika palepale, kurasa mbili, kwa moyo wote. Nilijiambia hii itatengeneza mambo bila mimi kusema lolote. Akaikunja akasema, "Ahsante, mwanangu. Wewe ndiye mtu wangu huko ofisini."

Alhamisi, 30 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne kamati ilifika kwake kukagua. Watu watano, na mimi wa kuandika kumbukumbu. Mkuu akaitoa fomu, akaitoa barua, akaziweka pamoja juu ya ndoo iliyofunikwa. Akazitazama. Akanigeukia.

— Dada, mbona mwandiko ni mmoja? Umeandika banda, halafu ukaandika barua ya kupinga banda. Tukuelewe vipi?

Mama mdogo hasomi vizuri, ila alisogea akainama juu ya karatasi zile mbili. Akaangalia hii. Akaangalia ile. Kisha akaniangalia mimi, si kwa muda mrefu.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeshafungua.

— Msimsumbue mtoto, akasema. Barua nilimlazimisha mimi, kwa ubishi wangu wa kizee. Humu hakai mtu. Kuku tu.

Mkuu akauliza, na kitanda hiki je?

— Cha kuku!

Wakacheka wote. Fundi wa kupima peke yake hakucheka. Mkuu akaniambia niandike: mwenye jengo amekana kuishi humo.

Nikaandika.

Ijumaa, 31 Mei

Ofisini. Kumbukumbu zimeshachapwa, ukurasa mmoja. Bado sahihi yangu tu, na mkuu anaitaka kabla ya saa nne. Ikifika kwake pingamizi limekwisha. Nikimwambia kweli, kazi sina. Sasa ni saa tatu na dakika ishirini.

Mlinzi amekuja hapa mezani. Anasema mama yangu mdogo yuko getini na godoro lake, anauliza kama kwangu kuna pa kuliweka. Amekaribishwa ndani akakataa. Ameagiza nisiharakishwe, nimalize kazi kwanza.