Vyumba Vyangu vya Chini na Mpango Wako wa Masomo

Athmani,

Huna haya. Mwanangu wa kumzaa, niliyekufulia kanzu za chuoni kwa mikono hii, leo wakaa ndani ya nyumba yangu na wanaume wenzako wa kamati ya skuli, mwanywa kahawa kwa vikombe vyangu, mwaamua watoto wa watu wajue nini na wasijue nini. Na mmeamua wasijue kitu.

Haya, salamu sasa. Hujambo wewe? Mkeo Maryamu yu mzima? Kile kifua kimeacha kumbana? Mimi huku Maskati ni mzima, ila magoti, na hii baridi ya mashine. Dada yako Fauzia huiwasha mpaka nalala na soksi na shali, na nje jua lachoma mawe. Samaki wapo, wali upo, mahamri hawayajui. Usinionee huruma, sikuandikii kwa hayo. Nakuandikia kwa kuwa simu waikata. Ijumaa nilipoanza tu kukubana, ukasema, "Mama, mtandao mbaya huku." Ulikuwa mzuri wakati wa kuniagiza saa ya mkono! Barua haikatiki. Nampa jirani yetu anayekuja huko harusini, na nimemwambia akusimamie mpaka uimalize.

Ule mpango uliutuma kwa dada yako ili akusifu. Alinisomea tukichambua mchele. Skuli yenu mpya ya sekondari, ile niliyoipa vyumba vyangu viwili vya chini bila ya kodi, itafunguliwa Januari. Kompyuta ipo. Biashara ipo. Hesabu, Kiingereza, na kitu chaitwa stadi za maisha. Nikangoja.

"Endelea," nikamwambia.

"Imekwisha, Mama."

"Historia?"

"Wameitoa."

"Jiografia? Mashairi?"

Ndipo akanisomea maneno yenu wenyewe: mtoto wa Mji wa Kale hana haja ya kufundishwa mji wake, kwani yuwaishi ndani yake, wala Mswahili hafundishwi Kiswahili.

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka aibu niliyoipata siku chache nyuma, mbele ya wageni.

Wanawake wa mtaa huu walikuwa wamekuja kunitazama. Akaingia Sabra, bintiye Fauzia, katoka skuli. Mtoto huyu hajawahi kukanyaga Mombasa.

"Nyanya! Leo tumesomeshwa mji wenu! Nyumba yenu si karibu na Ngome?"

"Karibu? Nikitema mate yafika."

Wanawake wakacheka. Nikajitanua.

"Basi tuambie, Wareno waliijengea nini pale? Walikuwa wamwogopa nani? Na Waomani waliwatoa vipi?"

Nikakohoa. Nikasema Wareno walikuwa na shughuli zao. Mmoja katika wale wanawake akaweka kikombe chini, akaniuliza, "Bi Mwanaisha, umri wote huo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo hapo, Athmani! Nimezaliwa hapo. Chini ya ukuta ule wa Ngome nimepita nikienda kununua viazi karai, nimepita na wewe mgongoni una surua, nimepita nikirudi mazishini kwa mamangu. Nimeuegemea nikatia viatu. Sikuwahi kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba pana cha kuulizwa. Mimi nilitolewa skuli nikishajua kusoma na kujumlisha. Babangu alisema yatosha, mengine atayaona mwenyewe mtaani. Na kweli niliona. Niliona ukuta.

Leo wewe, mjukuu wake, wakaa kitini na maneno yake yale yale, ila wewe umeyapiga chapa.

Kwenye simu wanijibu, "Mama, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Mtoto akitaka kujua atatafuta." Atatafuta nini, baradhuli wewe? Mimi simu ninayo. Natazama mapishi na harusi za watu. Haikunijia hata siku moja kuiuliza habari ya ukuta. Nikakwambia, "Haya, wewe mwenye digrii, nambie Wareno waliijengea nini Ngome." Hapo ndipo mtandao ulipoharibika.

Na hao wenzako! Yule mwenye duka la vyuma ati alisema mashairi hayauzi misumari. Mimi namjua tangu hajui kufunga suruali, na sasa yeye ndiye apimaye vichwa vya watoto kwa kilo. Na yule mshauri mliyempandisha ndege aje awaambie cha kufundisha, hata hajaliona jua la Makadara hapo karibu yetu, alitoka uwanjani akaingia kwenye gari lenye baridi.

Tena kuna la Rukia. Fauzia alitaka kunificha, aliliruka akisoma, nikamrudisha. Sayansi mmeigawa: wepesi wapate yote, wazito wapate kidogo, wabaki na biashara na hizo stadi. Na binti yako mwenyewe umemtia kwa wazito! Nyumbani kwangu sinia huwekwa kati na kila mkono wafikia nyama. Ni mtoto gani niliyempa ukoko jikoni kwa kuwa yuwatafuna polepole? Wewe ulitafuna polepole kuliko wote, na nyama ulikula.

Sijui masomo hupangwa vipi wala sijifanyi. Lakini historia irudi, na si ya Ngome peke yake. Iwe na ya bara, na ya hao walioleta reli, na ya Kibarani kabla haijawa jaa la taka. Wajue meli zile bandarini zatoka nchi gani na zachukua nini. Washike mashairi kwa moyo na wajue yalitungwa kwa ajili gani. Wajue mti hula nini, na damu yapita wapi mwilini. Na mpange, la leo libebe la kesho, msiwamwagie kama mitumba kila mtu avute lililo juu. Na kila mtoto apate, Rukia akiwa wa mbele.

Nisalimie Maryamu, mwambie anywe tangawizi. Nisalimie muuza mahamri wa kichochoroni, mwambie huku nimekoma. Nisalimie imamu wetu, naye ni mjumbe wenu, muulize alikuwa amelala? Dada yangu Bi Zena wa ghorofa ya juu usimsalimie, nimeshasema naye. Amefunga vile vyumba vya chini, na ufunguo hautatoka kiunoni mwake mpaka nisomewe mpango mwingine. Ukimlilia atanipigia.

Sasa sikiza. Waite wenzako Jumamosi, muanze upya. Lakini kabla ya hapo, kesho ukishasali alasiri, mshike Rukia mkono mwende mpaka chini ya ukuta ule. Simu iache nyumbani. Mwambie ulijengewa nini. Na kama hujui, mwambie kwa mdomo wako, "Babako hajui," kisha ingieni ndani ya Ngome mukaulize.

Mamako,
Mwanaisha