Ufito Wetu Umechemsha Chai

Jumatatu. Joto la kunata tangu asubuhi, mawingu yamekaa juu ya milima na hayataki kushuka.

Nina hasira, na leo sitaki mtu anitulize.

Asubuhi prefe, mkuu wa shule yetu, ametangaza kwamba mwaka ujao sehemu ya Hesabu na Fizikia inafungwa. Eti tuko wanne, na wanne si darasa. Wote tutahamishiwa Ualimu. Ualimu ni kazi ya heshima, sina ugomvi nao. Lakini bila mwaka wa sita wa fizikia siwezi kwenda chuoni kusomea mambo ya maji, na tangu ziwa lilipoingia nyumbani kwa bibi hapa Songo, sitaki kitu kingine.

Baada ya masomo tumeshuka ufukweni kusoma kipimo. Ufito wetu haupo! Tuliuchomeka majini wiki iliyopita, tukautia alama, ili kila siku tuone ziwa limepanda kiasi gani na kutafuta kasi yake. Mama Faida, anayeanika ndakala, dagaa wa kwetu, pale, ameung'oa. Umechemsha chai yake.

"Muntu mwenye anapanda muti hapa, kesho anakuja na bakaratasi, anasema parseli ni yake," ameniambia, kikombe mkononi.

Nilikuwa tayari kugombana. Lakini ana haki. Hapa kwetu mti wenye alama una maana moja: kiwanja kimepimwa, jiandae kuhama. Na sisi wasomi tulipita mbele yake bila hata hodi.

Basi nimechuchumaa nikamchorea mchangani. Siku huku, maji huku. Mstari ukipanda mkali, tuhame. Ukianza kulala, tupumue. Ameufuata mstari kwa kidole hadi mwisho.

"Sasa mayi itafika ku nyumba yangu siku gani?"

Sijui.

Nimeona aibu, kisha hasira imerudi upya. Sijui kwa sababu ndiyo kwanza tumeanza, na tayari kuna mtu anataka tuishie hapa. Nani alisema hesabu ngumu ni za watoto wa nchi za watu, sisi tutosheke na kujumlisha? Ziwa linapanda kwetu, si kwao.

Nimemweleza Mama Faida habari za prefe. Ameingia ndani, akatoka na kafi kuukuu, akalishika wima ndani ya maji nami nikaligongomea kwa jiwe.

"Piga nguvu, mwanangu. Mwenye atalitosha mu mayi, ataniona. Na kesho tunaenda wote kwa huyo prefe. Miye nitamuuliza ile siku ya mayi."

Nimecheka mpaka machozi. Ametaka nimpitie mapema, kabla hajaanza kuanika.

Kwa hiyo kesho prefe atapata mgeni mwenye harufu ya ndakala na swali moja. Akilijibu, afunge. Akishindwa, atuache tusome.