Namba Niliyompa Nesi

Akheri, 14 Juni 2024

Mdogo wangu Rachel,

Huku migomba imesimama vizuri na ng'ombe amezaa jike. Nimeanza kliniki ya kuacha sigara pale zahanati. Wifi yako Penina alinisihi miaka yote, nami nikisema kesho. Nimeanza miezi minne baada ya kumzika. Leo ni siku ya tisa sijavuta.

Nesi Silantoi aliniuliza, "Babu, nani wa nyumbani atakukumbusha usivute?" Nikataja Penina na namba yake bila kufikiri. Akapiga palepale. Simu ikaita ndani ya koti langu, maana bado naibeba.

Akacheka. "Kumbe babu umemnyang'anya bibi simu?"

Nikamwambia bibi tumemzika nyuma ya nyumba. Akakata simu, akanishika mkono. "Pole, babu. Tutafute mwingine."

Nimeandika jina lako. Kwenye simu nilishindwa kukueleza, ndiyo maana ya barua hii. Najua Mwanza ni mbali na una mambo yako. Hamu hunijia jioni, nikishamaliza chai peke yangu. Saa hiyo, dada, naomba unikumbuke.

Kaka yako,
Sumari