Jezi ya Declan

Mjukuu wangu Rahma,

Huku Lewisham sote tu wazima, ila bibi yako magoti yanamsumbua kwa baridi. Umeniuliza mimi Mzanzibari niliingiaje klabu ya Waairishi, wacheza mpira kwa magongo.

Nilipofika huku London baada ya mapinduzi, nilipata kazi ya kuchimba mitaro pamoja na Declan, kijana wa Kiairishi. Jumapili alikuwa akinichukua kumtazama akicheza. Siku moja mtaro ulibomoka ukamfukia. Tulimfukua kwa mikono, tukamkuta keshakufa.

Jumapili iliyofuata klabu ilikuwa na mechi. Kaka yake, aliyekuwa nahodha, akanipa jezi ya marehemu.

"Mimi sijui kucheza," nikamwambia.

"Simama tu mahali pake. Hatuwezi kupaona patupu."

Tulifungwa vibaya, wala hakuna aliyenilaumu. Mechi ilipokwisha walikaa kwenye tope wakalia, nami nikalia nao. Nilimlilia Declan, kisha nikamlilia baba yangu, aliyeuawa Unguja nisimzike. Nilikuwa sijamlilia hata siku moja, kwa kuwa sikuwa na wa kulia naye.

Babu yako,
Seif