Punje ya Tisini na Tisa

Kambi ya Barabara,
Msambweni,
16 Agosti 1965

Kwa Baba yangu mheshimiwa, Mzee Mbwana, Vanga.

Assalaam alaikum, na shikamoo Baba. Natumai waraka huu utakukuta mzima, goti lako limepoa, na Mama amepata nafuu ya kikohozi. Mimi sijambo, alhamdulillah, ila nyayo zimechubuka, na sababu unaijua.

Shangazi Mbeyu alinifikishia maneno yako yote. Ulisema mwanamume wa Kiislamu hapiti barabarani mapaja wazi, anakimbia kama aliyeiba kuku, na kwamba nikienda kwenye mashindano ya Mombasa Jumamosi, nisikanyage tena nyumbani kwako. Baba, nilikwenda. Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Kaptura niliishonesha ifike magotini kwa heshima yako, lakini mbio siziachi.

Usidhani ni mchezo wa wavivu. Mchana nasukuma kifusi na wenzangu hapa barabarani. Alfajiri, nikishasali, nakimbia kuelekea Gazi. Mwalimu Nzai anayetufunza aliniambia kwamba natoka kama mbuzi aliyekata kamba, kisha maili ya tatu natapika. Miguu haina ila, alisema, kichwa ndicho kinachotangatanga: nikisikia mtu nyuma nakurupuka, nikiona wasichana nakurupuka. Akanitaka nitafute kitu cha kuhesabu mkononi, nisikiachie mpaka mwisho. Nikakipata. Kila hatua mia nahesabu kimoja, mwendo ule ule, kilimani na mteremkoni. Miezi minne nimekwenda hivyo, na siku hizi hata mbwa wa Gazi wakinifukuza siongezi hatua.

Jumamosi tulikuwa ishirini, wengi watu wa bara, maili sita za kuzunguka uwanja. Mtu mmoja pembeni alisema kwa sauti kwamba Mdigo hukimbia mvua tu, na watu wakacheka. Wenzangu walipochomoka niliwaachia. Nilibaki wa mwisho peke yangu, nahesabu, na nakiri kwamba aibu iliniwasha. Mzunguko wa kumi wakaanza kunirudia mmoja mmoja, wanahema, nami sikuwa nimeongeza chochote. Nilimaliza wa tatu. Watatu wa kwanza wanakwenda Nairobi mwezi ujao, na mimi nitakwenda, Baba, ukiridhia au usiporidhia, ingawa napenda uridhie.

Sasa lililo zito. Kitu nilichokuwa nahesabia ni tasbihi yako, ile aliyokuachia Babu. Niliichukua kwenye msumari pale Idi ilipokwisha, nikasema moyoni nitairudisha kabla hujaikosa. Uliikosa siku ile ile. Nikasikia umemshuku Mzee Matano, kwa kuwa ndiye aliyekaa nawe ukumbini, na kwamba mpaka leo hamsemezani, hata msikitini mnapeana visogo. Nami nilinyamaza, kwa kuwa nikisema ungeitaka, na bila hiyo sikujua kukimbia. Kwa mbio siombi radhi. Kwa Mzee Matano naomba, kwako na kwake, na nikija nitamwendea nyumbani kwake kwanza.

Tena mzunguko wa mwisho uzi ulikatika. Nilizisikia punje zinadondoka, na sikuinama. Nilihesabu kwa ulimi hadi kwenye kamba ya mwisho wa mbio. Kisha nikarudi nikapiga magoti kwenye majani nazitafuta, na mshindi mwenyewe, askari wa kutoka bara asiyejua tasbihi ni nini, akapiga magoti pembeni yangu tukatafuta pamoja mpaka uwanja ukabaki mtupu.

Tumepata tisini na nane. Nimezitunga kwa uzi wa nyavu, Shangazi Mbeyu anakuletea pamoja na barua hii. Moja imebaki Mombasa, na sikutia nyingine badala yake. Pale inapokosekana nimeacha nafasi ya kidole. Ukifika hapo, Baba, unitaje kwa jina, hata kama ni kwa hasira.

Nisalimie Mama, umshike mkono kwa niaba yangu, na majirani wote, Mzee Matano akiwa wa kwanza.

Ni mimi mwanao, asiyekimbia nyumbani,
Kibwana bin Mbwana