Kioo Kilichofukiwa Timbwani

Likoni, Mombasa
Mfunguo Tano

Kwa mke wangu nimpendaye, Bi Mwanaisha,

Barua hii ikukute na afya, wewe na mtoto. Je, kile kikohozi chake kimekwisha? Na goti la mama linamruhusu kushuka ngazi? Mimi mzima, ila macho yangu ni mekundu kwa vumbi, na sababu yake ndiyo habari yenyewe. Shemeji, wewe unayesoma, usiharakishe. Dadako hapendi kukimbizwa.

Najua umenuna. Wiki saba bila hata mstari mmoja si kidogo, na haki yako kununa.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nikileta nazi kivukoni kwa lori la tajiri wangu, na nilipofika Timbwani lori jingine lililokuwa mbele likarusha jiwe kwa gurudumu. Kioo chote cha mbele kikavunjika, kingine mapajani mwangu, kingine barabarani. Sikuumia, alhamdulillahi. Lakini mahali penyewe ni mbele ya chuo, na watoto wa Kurani walikuwa karibu kutoka, wote miguu mitupu. Wewe ungefanya nini? Niliinama nikaokota. Kina mama wa jirani wakaja na fagio, wakazoa vigae vyote wakavitupa katika shimo la choo cha zamani, tukavifukia kwa mchanga. Hata meno ya kioo yaliyobaki kwenye fremu niliyang'oa, yasije yakamwangukia mtu. Tumefunzwa sote kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka, nami nikarudi nimeridhika na nafsi yangu.

Kumbe nimejichimbia kaburi. Gari lile lina bima. Bima, mke wangu, ni kama chama chetu cha mazishi, ila ni cha magari: tajiri hutoa kila mwaka, gari likiharibika wao hutengeneza. Tofauti ni kwamba msibani hakuna anayeuliza kama maiti amekufa kweli. Karani wa bima alivuka kutoka kisiwani, akaipapasa ile fremu, akaona safi kama iliyofunguliwa kwa bisibisi. Akaniuliza vigae viko wapi. Nikamwambia tumevifukia chooni. Akamtazama tajiri, tajiri akanitazama mimi. Tangu vita viishe vioo vya magari ni adimu, na maana yao ilikuwa kwamba nimekiuza.

Tajiri hakunitukana. Alisema tu kwamba bima ikikataa nitafute kazi kwingine, na kile chumba cha nyuma ya ghala alichoniahidi, nikulete wewe na mtoto, akakifunga akatia ufunguo mfukoni. Hapo ndipo moyo uliponivunjika. Kazi hupatikana, chumba kile nilikwisha kukipaka chokaa.

Makaratasi yakaenda na kurudi wiki nyingi. Mwisho karani akakubali kufika Timbwani, amevaa tai, leso puani. Mwalimu wa chuo, bibi mtu mzima, akatoka kibarazani akauliza anatafuta nini. Akaambiwa ushahidi wa kioo. Akasema, na maneno yake sitayasahau:

"Bwana, kijana huyu simjui jina wala kwao. Namjua kwa kazi aliyoifanya hapa juani, kuokota kigae kimoja kimoja mpaka vidole vyamtoka damu. Angeliviacha njiani, wallahi, leo ungeliviona katika nyayo za watoto wangu."

Karani akataka shimo lifukuliwe, nami nikashika jembe kwa furaha ambayo hakuna mchimba choo aliyewahi kuwa nayo. Vigae vikatoka. Akachukua vitatu kwa leso yake, akaandika, akaomba maji ya kunawa. Jumatatu bima ikakubali kulipa, na tajiri akanipa ufunguo wa chumba. Kioo kipya chaja kwa meli kutoka Ulaya, na mpaka kifike naendesha uso wazi, nakula vumbi na wadudu.

Nisalimie mama, mwambie namwomba dua yake ya alfajiri. Nisalimie mjomba fundi wa makuti, na dada yangu mkubwa anayekusaidia kumwogesha mtoto, na shemeji huyu msomaji; yeye ndiye atakayekusindikiza.

Shemeji, hapa punguza sauti. Mwanaisha, sikukuandikia kwa kuwa niliona haya. Niliogopa kwamba ukisikia mumeo ameitwa mwizi, nawe ungesita, hata kwa pumzi moja. Basi mwanamke asiyenijua jina aliniamini siku ya kwanza, na wewe unijuaye nilikunyima nafasi ya kuniamini. Hilo halina bima. Niwie radhi, mke wangu, na uje.

Mumeo akupendaye,
Athmani, dereva